Darasa la Kwanza Sebuleni Kwangu

Jumapili, 6 Januari 1974

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo baada ya ibada nimewatangazia watu kwamba Serikali imefuta karo, darasa la kwanza hadi la nne. Nikasema ni juhudi zangu bungeni. Nani atakwenda Nairobi kuuliza? Makofi. Vigelegele. Halafu Kipkosgei, mwenye kinu cha kusagia mahindi, anayekitamani kiti changu katika uchaguzi wa mwaka huu, akainua mkono kwa adabu ya uongo. Akauliza watoto wote hao watakaa wapi, maana shule imejaa tayari.

Damu ikanipanda. Nikamjibu: "Mtoto akikosa darasa, aje asome sebuleni kwangu!"

Uwanja mzima ulisimama. Rebeccah, mke wangu, peke yake hakupiga makofi. Njiani aliniuliza kama nilikuwa nimefikiri kwanza. Nilimwambia mbunge hafikirii mbele ya watu.

Jumanne, 8 Januari

Wamekuja! Darasa la kwanza lote, Mwalimu Yunia, mkuu wa shule, akiwa mbele. Miguu yote imejaa matope. Nilimweleza kwamba ile ilikuwa njia ya kusema tu. Akasema wazazi hawakuisikia hivyo, kisha akaomba viti visogezwe ukutani. Mlango wangu, niliouagiza Nairobi, sasa ni ubao. Redio yangu kubwa ni meza ya mwalimu. Vitambaa alivyofuma Rebeccah vimepangusa kamasi.

Jioni nilikwenda kituo cha kuuzia majani chai. Niliwaomba wakulima wakubali kukatwa kidogo tu kwenye malipo yao, tujenge chumba. Wakaguna. Watu hawa! Kodi hawataki, karo hawataki, kukatwa hawataki. Wanataka darasa lishuke na mvua! Mzee mmoja akauliza kama mimi nitakatwa pia. Ujinga. Shamba langu limeandikwa kwa jina la Rebeccah, kwa hiyo mimi si mkulima.

Alhamisi, 10 Januari

Mbinu mpya. Nilifunga mlango, nikajificha chumbani, nikamwagiza Rebeccah aseme nimesafiri. Mvua ya mawe ikaanza. Watoto wakabanana barazani wakitetemeka. Akina mama waliokuwa wakipeleka majani kituoni wakasimama njiani na vikapu mgongoni, wakitazama nyumba yangu. Na nani akapita? Kipkosgei! Akavua koti, akawafunika wadogo. Mnafiki mkubwa.

Rebeccah akafungua mlango bila kuniuliza. Nikatoka chumbani nikipiga miayo. Mwalimu Yunia akaniangalia kuanzia kichwa hadi malapa.

"Pole na safari, Mheshimiwa," akasema.

Jumamosi, 12 Januari

Harambee ya kujenga chumba. Nilimwalika Kipkosgei awe mgeni wa heshima makusudi. Mbahili yule! Akitoa kidogo, ataaibika mbele ya watu. Akitoa kingi, atafilisika. Nilijipongeza tangu asubuhi.

Alikuja na trekta limejaa mabati. Ameezua ghala lake mwenyewe! Mabati yana matundu ya misumari, lakini watu walilia kama msibani. Sally, mke wake, mjamzito aliyekaribia kabisa kujifungua, alitembea nyuma ya trekta akiimba. Wale wale waliokataa kukatwa walimletea mbao, milango, hata mchanga. Arasa, fundi, akatangaza chumba kitakuwa tayari Jumamosi ijayo na kitaitwa Darasa la Kipkosgei. Mimi nilitoa hotuba. Hakuna aliyeiandika.

Jumatano, 16 Januari

Sikulala. Watoto wakihama, wazazi watahama. Wazazi ndio kura! Nimemwamuru Rebeccah apike chai ya maziwa kila asubuhi na kukata mkate mnene. Mimi mwenyewe nawahutubia watoto juu ya umuhimu wa kulipa kodi kabla ya somo la hesabu. Nilimwambia Mwalimu Yunia wanaweza kukaa mwaka mzima, na mwaka ujao pia. Alinishukuru. Akasema mkate ni mzuri, lakini watoto wanasoma vizuri zaidi mahali pasipo na hotuba.

Hana shukrani. Nitamkumbuka.

Jumamosi, 19 Januari

Wamehama. Sebule ni kimya na inanuka chaki. Kipkosgei ndiye aliyekata utepe. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma, karibu na wapishi! Watoto wakaimba jina lake. Nikaomba neno kwa nguvu.

Kabla sijafungua mdomo, Kipkosgei akainua mkono. Adabu ile ile. Akauliza akina mama wa kujifungua watalala wapi, maana zahanati nayo imejaa. Nikauona mtego wake. Anataka ninyamaze nionekane sina jibu! Mimi? Nikapanda juu ya kiti.

"Mama akikosa kitanda, aje ajifungulie chumbani kwangu!"

Makofi yalipita yale ya kanisani. Nimemmaliza. Uchaguzi ni wangu.

Sasa Rebeccah anahamisha godoro lake jikoni. Nimemweleza tena na tena kwamba ile ni njia ya kusema, hakuna atakayekuja. Hanisikilizi. Wengine waliniheshimu zaidi. Hata Sally, mke wa adui, alinisogelea baada ya hotuba, ameshika kiuno, akauliza kwa upole kama kitanda chetu ni cha chuma au cha mbao.

Nilimjibu kwa fahari. Cha mbao, kutoka Nairobi, na ni kipana.