Wakwe Zangu na Joka la Amerika

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja kwa sababu Nakuru ni mji mdogo, na habari hii itawafikia tu, tena ikiwa imetiwa chumvi. Afadhali muipate bila chumvi kutoka kwa mwenye aibu yake.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni inspekta wa chama cha kuhurumia wanyama. Punda aliyebebeshwa kupita kiasi, mbwa aliyefungwa juani bila maji, kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli, hao ndio wateja wangu. Nyoka hawakuwa kwenye mapatano. (Nyoka nawaogopa. Ni mimi yule yule niliyehama bweni kwa sababu ya mjusi wa ukutani.)

Basi mwezi uliopita tuliitwa shamba moja kule Njoro. Mwenyewe, mzungu mkulima wa ngano, alikuwa ameuza akahamia Australia. Nyuma ya nyumba aliacha kibanda cha vioo chenye wanyama wake wa kujifurahisha, aliowaleta kutoka ng'ambo, na hakumwachia mtu yeyote kazi ya kuwalisha. Tulikuta kobe wawili waliopauka, mjusi wa kijani mkubwa kuliko paka, na joka refu la Amerika ya Kusini, limekonda mpaka uti wa mgongo unahesabika. Mabakuli ya maji yalikuwa yamekauka. Askari polisi aliyekuja nasi akasoma amri ya mahakama, akaingia, akawatoa wote mmoja mmoja.

Kobe walichukuliwa na mwenyekiti wetu, Bwana Shah, mwenye duka la vitambaa. Wanaishi uani kwake, wanakula kabichi, na wananenepa kunishinda. Mjusi alikufa wiki ile ile. Iliniuma, sisemi uongo, na shimo lake nilichimba mwenyewe. Likabaki joka, ndani ya sanduku la majani chai kwenye stoo ya chama. Bwana Shah, ambaye dini yake haimruhusu kuua hata siafu, alikubali lilishwe panya kwa sharti moja: yeye asiambiwe.

Hilo ni la joka. Sasa sikieni la Wairimu.

Wairimu ndiye mchumba wangu, yule wa kuunganisha simu pale posta. Baba yake, Mzee Gathogo, analima kahawa Subukia na ni mzee wa kanisa. Kazi yangu hakuipenda hata kidogo. "Mwanaume mzima anahurumia punda?" ndivyo alivyouliza. Wairimu, kwa kunitetea, akamjibu, "Baba, huyo hushika nyoka kwa mkono." Mzee akasema atakuja kuangalia nyumba ambayo binti yake ataishi. Kwetu hiyo si ziara ya chai. Mzee akiondoka na uso mbaya siku hiyo, mahari haitajwi tena na msichana unamsahau.

Siku yenyewe ilikuwa leo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka chini barabarani, na mvua ile nyembamba isiyokoma. Nimefagia, nimepanga viti, kuku yuko jikoni. Mlango ukabishwa. Nikafungua nikitabasamu tabasamu la wakwe. Alikuwa Bwana Shah, na nyuma yake dereva amekumbatia sanduku la majani chai.

"Njuguna, stoo imeingia maji," akasema. "Hii nyoka imekuwa baridi kama bomba. Ikikaa kule leo, itakufa."

"Bwana Shah, leo nina wageni. Wakwe!"

"Vizuri sana, hongera. Saa kumi watu wa bustani ya nyoka wanafika kutoka Nairobi kuichukua. Mpaka hapo iweke chumbani tu, na ubadilishe maji moto kila yakipoa." Akanipa chupa ya mpira ya kuwekea maji moto. "Mimi ningekaa nayo, lakini nyumbani kuna mama."

(Na mimi nyumbani kwangu kulikuwa na nini? Kulikuwa na maisha yangu yote yanayokuja!)

Ningekataa. Lakini nilimkumbuka yule mjusi na lile shimo, nikashindwa. Dereva akalisukuma sanduku chini ya kitanda changu, wakaenda zao.

Nilichemsha maji, nikajaza chupa. Nikalivuta sanduku kwa fimbo ya ufagio. Kwa fimbo hiyo hiyo nikakisukuma kifuniko kidogo, nikafumba macho, nikatupa chupa ndani, nikakirudisha kifuniko. Hakikukaa sawa. Nilikiona kabisa kwamba hakikukaa sawa. Nikajiambia nitarudi kukitengeneza. Sikurudi. Na maji sikuyabadilisha hata mara moja, kwa kuwa kubadilisha maana yake ni kufungua. (Mngekuwa hapa mngenizaba kofi, na ningewashukuru.)

Wageni wakafika. Mzee Gathogo na koti lake kubwa, Wairimu na mtindi wa mama yake, na Cucu, mama yake Mzee, mwanamke mdogo aliyejifunga shali mbili na bado anatetemeka. Nikamkalisha Cucu karibu na jiko la makaa pale sebuleni. Wairimu sikumwambia habari ya chumbani. Nilitaka awe na siku nzuri.

Mzee akaanza ukaguzi. Akagonga ukuta. Akafungua mfereji akaangalia maji yanavyotoka. Akatazama dari kwa muda mrefu. Kisha akaelekeza kidole. "Na huko?"

"Chumba cha kulala, Mzee."

Nikajisogeza mbele ya mlango. Lakini Mzee akageuka. "Huko ni kwa wanawake kuangalia, baadaye."

Tukaketi. Kuku akaliwa, chapati zikaliwa, chai ikamiminwa. Mzee akafuta mdomo akasema, "Nyumba si mbaya." Wairimu akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Ndugu zangu, kama ningeanguka nikazimia hapo hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima.

"Sasa," Mzee akasema, akikunja mikono tumboni. "Nasikia wewe unashika nyoka. Hebu niambie, nyoka anashikwa namna gani?"

Nikamtazama Wairimu. Macho yake yalijaa fahari, ya kunipenda. Nani angesema ukweli hapo?

"Mzee," nikaanza, "nyoka ukimwogopa, anajua."

"Kumbe?"

"Anajua kabisa! Lazima umwendee pole pole." Nikasimama niwaonyeshe. Nikakunja gazeti likawa ndio nyoka. Mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine katikati. Mzee akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Kitu kikanigusa kwenye kifundo cha mguu. Paka wa jirani huwa anaingia akisikia harufu ya kuku, kwa hivyo nikamsukuma kwa kiatu huku nikiendelea kufundisha. Paka hakuondoka. Nikamsukuma tena. Alikuwa mzito, na alikuwa baridi.

Nikaangalia chini.

Sikumbuki kupanda meza. Najua niliipanda kwa sababu mguu wangu mmoja ulikuwa ndani ya bakuli la mchuzi. Nakumbuka sauti ikipiga kelele, "Mamaaa!" na nikafikiri, maskini Wairimu ameogopa. Haikuwa ya Wairimu. Kutoka mezani nikaenda dirishani, na kutoka dirishani nikaenda nje, isipokuwa suruali. Ile bugaluu mpya, niliyoshonewa kwa ajili ya leo, ilinaswa kwenye ndoano ya dirisha. Nikawa nusu nimesimama kwenye matope, nusu nimening'inia, mvua inaninyeshea.

Jirani yangu akapita na ndoo ya maji. Akasimama.

"Inspekta, umesahau ufunguo?"

"Hapana, mama. Napunga hewa."

Akaenda. (Hiyo ndiyo habari mtakayoisikia kwa chumvi.)

Nikajinasua, ikapasuka, nikachungulia ndani. Mzee Gathogo alikuwa amesimama juu ya kiti, koti ameliinua kwa mikono miwili mpaka magotini. Wairimu alikuwa mlangoni pa jikoni ameshika birika. Joka lilikuwa linavuka sakafu taratibu, kwa shida, kama mgonjwa anayetafuta choo. Na Cucu alikuwa ameketi pale pale, mikono mapajani, analitazama.

"Wairimu," Cucu akasema, "leta maziwa."

Mnajua zile habari za wazee wetu. Nyoka akiingia nyumbani hapigwi. Huenda ni mtu wa ukoo aliyefariki zamani, amekuja kuwaona. Humwagiwa maziwa, akasalimiwa, akaenda zake kwa heshima.

"Mama!" Mzee akafoka kutoka kitini. "Hayo ni mambo ya giza! Sisi tumeokoka!"

"Basi shuka umwombee," Cucu akajibu.

Mzee hakushuka.

Wairimu akamwaga maziwa kwenye sahani, akaiweka chini. Joka likaipita sahani bila kuiangalia. Likaenda mpaka kwenye jiko, likazunguka, likapanda polepole miguuni pa Cucu, likajiingiza ndani ya shali. Kichwa kikatokea juu ya goti lake, kikatulia. Cucu akaliwekea mkono.

"Ni mifupa mitupu," akasema. "Huyu amekaa njaa. Ni wa nyumba ya nani?"

Wote wakageuka kutazama dirishani.

"Ametoka Amerika, Cucu," nikasema.

"Amerika?" Akafikiri sana, akipitia ukoo mzima. "Hatuna mtu Amerika."

"Hapana, Cucu."

"Basi ametoka mbali. Na baridi hii!" Akavuta shali ya pili akalifunika vizuri.

Nikaingia kwa mlango, nikichuruzika maji, mguu mmoja mchuzi mwingine matope, suruali nimeshikilia kwa nyuma. Nikawaeleza yote: Njoro, kibanda cha vioo, stoo iliyoingia maji, chupa ya maji moto. Mzee alinisikiliza akiwa bado juu.

"Kijana. Ni wewe ulimshika?"

"Askari ndiye alimshika, Mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nilishika mlango."

Wairimu akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza, nimempoteza, na nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia maishani. Nikamsogelea nimwombe msamaha. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kusimama.

Saa kumi Bwana Shah akaja na watu wa Nairobi, vijana wawili na mfuko wa turubai. Wakamkuta Cucu amesinzia na joka limelala mapajani mwake. Bwana Shah akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Cucu hakukubali kulitoa mpaka aulize.

"Huko mnakompeleka kuna moto?"

"Kuna taa za joto, Cucu, mchana na usiku," kijana mmoja akamjibu. "Na chakula. Huyu atapona."

"Chakula gani?" Bwana Shah akauliza, halafu akainua mkono haraka. "Hapana. Usiniambie."

Cucu akavua shali moja, akawapa wamfungie nayo ndani ya mfuko. Walipoondoka akaniambia nimletee maji moto yeye sasa, kwa maana ameachwa na baridi. Nilikimbia, nikamletea.

Mzee Gathogo akaniita barazani. Nikajua hukumu imefika.

"Binti yangu anakutaka," akasema. "Hata baada ya leo. Sijui kwa nini."

"Hata mimi sijui, Mzee."

"Na mama yangu anasema nyumba ambayo mgonjwa anawekewa maji moto si nyumba mbaya."

"Asante, Mzee."

"Sijamaliza. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo, Mzee."

"Mzee wa kanisa hapandi kiti."

Nikamwelewa. "Mimi sikuona kiti, Mzee. Nilikuwa nje, na kulikuwa na ukungu."

Akanishika mkono, akaubana sana. "Lete wazee wako Subukia tuongee."

Kwa hivyo nimepata mke, jamaa zangu, na nyote mtaalikwa. Dirisha, chekeni mpaka mlie, hata mbele yangu. Lakini kiti, nawasihi kwa jina la urafiki wetu, hamkijui.