Kidari cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa. Jumamosi baba mkwe anatimiza miaka sabini, na sherehe ni hapa kwetu. Mke wangu ameshapanga kila kitu: yeye wali, dada zake matunda, nyama kaka yake. Kaka yake! Huyu shemeji namwita Koleo, kwa sababu haendi popote bila koleo lake refu la kugeuzia nyama. Mwaka jana alichoma mbavu, baba mkwe akamsifu mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilipeleka saladi. Alisema imekatwa vizuri. Imekatwa! Mimi ni fundi cherehani, hata suruali zangu husifiwa hivyohivyo.

Nimeomba nyama niachiwe mimi. Mke wangu ni muuguzi. Alinitazama anavyowatazama wagonjwa wanaokimbia sindano. Hatimaye akakubali, kwa sharti nisiunguze nyumba.

Jumanne, 4 Juni

Bucha. Nimeagiza kidari kizima cha ng'ombe, kilo sita. Mwenye bucha kanionya kwamba hiyo ni nyama kaidi: haitaki moto wa pupa. Inataka makaa machache, moshi, kifuniko, na saa tisa au kumi za kuingoja. Nikamwambia subira ndiyo kazi yangu. Wateja wangu wengine wanasubiri tangu Machi.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wa kuchomelea kaleta jiko: nusu pipa, kifuniko chenye bawaba, matundu ya hewa chini. Zuri kuliko kabati letu. Nikalijaribu papo hapo kwa mkaa na vipande vya mti wa mpera. Moshi mtamu! Ukaenda moja kwa moja chumba cha kushonea, ilikoning'inia suti ya bwana harusi mmoja.

Jioni akaja kuichukua. Alinusa mkono wa koti, akauliza kulikoni. Nikamwambia sufu mpya ndivyo inavyonukia. Akaondoka nayo begani, mbwa wawili nyuma yake.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetumia akili. Wageni wote wameambiwa saa saba mchana. Koleo nimempigia simu mwenyewe, nikamwambia saa kumi. Akifika atakuta nyama imeshuka matumboni na sifa zimeshagawiwa. Alinishukuru kwa kumkumbuka, akauliza alete nini. Nikasema alete njaa tu. Roho ikanisuta kama dakika mbili, ikanyamaza.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una malengelenge.

Nilipanga kuwasha jiko alfajiri. Niliamka saa tatu asubuhi. Sikubabaika, nilipiga hesabu. Moto ukiwa mara mbili, muda utakuwa nusu. Hesabu haina kosa hata nikiitazama sasa. Nikapaka nyama chumvi na pilipili manga, nikajaza mkaa pomoni.

Saa saba wageni wakawasili. Kidari nje kilikuwa cheusi kama soli ya kiatu, na kisu kiligoma kuingia. Saa nane wali ukaisha. Saa tisa baba mkwe alikula ndizi mbili, akasema hana haraka, ndiyo kwanza ana miaka sabini. Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Saa tisa na nusu mafuta yakadondokea makaa. Nikafungua kifuniko nione. Upepo ukaingia, moto ukapaa, nyusi moja ikaenda nao.

Saa kumi kamili, Koleo akaingia uani. Aliona sahani tupu, akaona jiko, akaniona mimi. Alifunika jiko, akaziba matundu mpaka ndimi zikafa, akasukuma makaa yote upande mmoja. Kisha akaomba karatasi ngumu isiyo na wino. Nikampa ile ya kaki ninayokatia mitindo. Akailowesha, akakifunga kidari kama mtoto mchanga, akakilaza upande usio na makaa.

Tukakaa kwenye benchi, tukalinda moshi. Akanisimulia nyama yake ya kwanza: alimpa mbwa, mbwa akaizika. Nikacheka kwa kweli, mara ya kwanza siku nzima. Alipomaliza akasema taratibu, bila hasira:

“Shemeji, ungeniambia tu ile saa ya kweli. Ningekuja alfajiri tukawasha wote.”

Nikasema moshi unaumiza macho. Akanisogezea leso yake.

Saa kumi na mbili tukaifungua karatasi. Nyama ilitikisika kama usingizini. Koleo akanipa kisu, akasema mkataji hapa ni mimi. Nikakata vipande vyembamba, kingo nyeusi nikazitupa, mchuzi ukanitiririkia kiganjani. Baba mkwe alirudia mara tatu. Mara ya tatu akafuta midomo, akatutazama sote wawili.

“Wanangu,” akasema, “hii nimeingoja miaka sabini.”

Mke wangu alinibana mkono. Ule wenye malengelenge, lakini sikulalamika.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu anasema nizingatie lile neno, wanangu. Limetuhusu wawili. Nimelizingatia tangu asubuhi. Koleo alikaa na ile nyama saa mbili, mimi nilikaa nayo saba. Sitaki kujisifu, lakini namba ni namba.

Mchana jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu, alibisha hodi. Harufu ya jana ilimnyima usingizi wa mchana. Jumamosi ijayo binti yake anasherehekea kuhitimu, wageni mia moja na ishirini, na anamtafuta aliyepika ile nyama.

Nikamwambia amefika.

Akauliza kama nitahitaji wa kunisaidia, maana watu ni wengi.

Nikamwambia wasaidizi huchelewesha mambo.