Nusu ya Kichwa Hadi Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Leo wazazi tulialikwa kutembelea madarasa. Nilifunga kibanda changu cha kinyozi mapema, nikavaa koti nililooa nalo, nikawahi kuliko wote. Nikaketi Darasa la Nne, dawati la mbele, magoti yakinigusa kidevu. Mwalimu akauliza ni kiungo gani huchuja damu. Watoto kimya. Nikanyoosha mkono. Figo. Nikapigiwa makofi. Sijapigiwa makofi tangu siku ya harusi.

Kasoro moja tu. Binti yangu yuko Darasa la Tano. Kumbe tangu mwaka ulipoanza.

Alikuwa chumba cha pili, ameniwekea kiti. Kikakaliwa na shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi cherehani, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu asiyeweza kuona watu watatu wamesimama asiwahutubie. Amekagua madaftari ya mwanangu ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kama daktari.

Binti hakunisemesha njia nzima. Mke wangu amesema hata kuku anawajua vifaranga wake. Nimemjibu kuku haulizwi wako darasa la ngapi. Jibu zuri, ila nimelala njaa ya maneno. Hakuna anayezungumza nami humu ndani.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu mkuu ameitisha mkutano wa akina baba Jumamosi. Mama yule hana mchezo. Amesema akina mama huja, akina baba hutuma salamu. Mkutano uliopita walifika wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa anatafuta zahanati. Shemeji amejitolea kuwaleta safari hii. Atapita mitaani na kipaza sauti.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo, nikapata jibu. Shemeji ana mdomo. Mimi nina vichwa. Hakuna mwanamume mtaani hapa asiyeinamisha chake mbele yangu.

Wa kwanza alikuwa muuza nyama, jirani yangu. Nikanyoa upande wa kulia, nikazima mashine. Nikamuuliza mwanawe yuko darasa la ngapi. Akasema ni mtoto mrefu. Nikamwambia hilo si darasa. Akampigia simu mkewe. Mkewe akauliza nani amekufa. Darasa la Pili. Na mwalimu wake? Akapiga tena. Alipojibu sawasawa nikamalizia upande wa kushoto kwa heshima zote.

Nimenyoa hivyo mchana kutwa. Dereva wa lori amegundua mwanawe alishamaliza shule mwaka juzi. Alishukuru kwa kujulishwa.

Jumatano, 5 Machi

Wizi wa mtihani. Kila anayeketi anajibu kabla sijawasha mashine: Darasa la Tatu, mwalimu mwenye miwani. Hata kijana anayejiandaa kuoa amejibu hivyohivyo. Kumbe kwenye benchi la kungojea wanapeana majibu.

Nimebadili sheria. Sasa nanyoa nusu. Nusu ya pili utaipata Jumamosi, ndani ya ukumbi wa shule, mwanao akiwa kando yako. Mchomelea mageti alitaka tupigane, lakini mtu aliyefungwa shuka shingoni hapigani vizuri.

Nilidhani habari zitaenea na kibanda kitabaki na nzi. Thubutu. Aliyenyolewa nusu hataki kuchekwa peke yake. Anatoka kwangu, anavaa kofia, anamfuata rafiki yake na kumwambia leo kinyozi ana mkono mwepesi. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Hawa wanakuja na maji yao wenyewe.

Mke wangu ameuliza kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Pigo. Shemeji amepita na kipaza sauti akitangaza kuwa dukani kwake anamalizia vichwa. Anasema kamati haikuidhinisha kinyozi yeyote. Anatumia mkasi wa kukatia nguo. Kwanza anapima kwa futi, kisha anachora kwa chaki.

Mchomelea mageti ndiye aliyetangulia. Wenzake wakapanga foleni nje. Alipotoka alikuwa amekatwa mshazari kama kola ya shati, na mstari wa chaki kutoka sikio hadi sikio. Foleni ikamtazama. Foleni ikakumbuka shughuli zake. Yeye akaja moja kwa moja kwangu kuniomba radhi. Nimemsamehe. Nimekunywa chai vikombe viwili, na cha pili nilikinywea mlangoni ili shemeji anione.

Jioni binti alikuwa mezani na hesabu. Nikakaa kando. Akauliza nataka nini. Nikasema nimekuja kusaidia. Akasema hizi huziwezi, Baba. Nikachungulia. Namba zimepandana, nyingine juu, nyingine chini, katikati mstari. Kweli siziwezi.

Akasema mwalimu wao huwaambia kuwa mzazi si lazima ajue. Akae, aulize umepataje, kisha asikilize. Nikauliza umepataje. Akanieleza. Sikuelewa, nikauliza tena. Katikati ya kunieleza mara ya pili akanyamaza, akafuta jibu, akaandika lingine.

Kisha akasogeza taa ikae katikati yetu.

Ijumaa, 7 Machi

Muuza nyama amekuja tena, na kichwa chake hakina haja ya kunyolewa. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Tangu nimwulize yale maswali hakupata raha, kwa hiyo asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa mwanawe. Ameambiwa mtoto anasoma vizuri sana, ila husoma kwa kunong'ona. Mwalimu alipomuuliza sababu, mtoto alisema nyumbani baba huwa amechoka, hapendi kelele.

Akaketi kwenye kiti changu. Sijapata kumwona mtu mkubwa vile akijikunja. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ya chini, mtu ambaye kusoma kwake mwenyewe ni kwa kubahatisha anamsaidiaje mtoto.

Nimemwambia amweke buchani jioni, mtoto asome kwa sauti, yeye aulize tu, halafu ikawaje? Kwenye hesabu aulize, umepataje? Ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Amesema mimi ni mtu wa hekima. Sikumwambia hekima hiyo nimeipata jana kutoka Darasa la Tano. Hekima haina risiti.

Nilipofunga nikapita kwake. Mtoto amesimama juu ya kreti, anasoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Wateja wametulia. Baba ameshika kisu hewani, hakati. Mama mmoja akakumbusha kuhusu nyama yake, wenzake wakamwambia angoje kwanza fisi atoke shimoni.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi. Naandika neno hili taratibu ili nilifaidi.

Ukumbi ulijaa. Akina baba hadi madirishani, na kila mmoja ana kofia. Za sufu, za mpira, za kazi, na mmoja alivaa bakuli la plastiki la mkewe akidai ni mtindo. Shemeji alipanda jukwaani akawashukuru kwa kuitikia kipaza sauti chake. Nikamwacha aongee. Mwalimu mkuu akasimama, akatutazama juu ya miwani.

"Vueni kofia, tafadhali. Hapa ni shuleni."

Hakuna aliyetikisika. Akarudia. Wakazivua.

Kisha watoto wakaanza, wakafuata walimu, na mwisho akina baba wenyewe, kila mmoja akimcheka wa mbele yake. Mwalimu mkuu alishika meza kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka. Alipopata pumzi akauliza ni kazi ya nani hii. Nikasimama. Shemeji alikuwa wa kwanza kuninyooshea kidole, nami namshukuru, maana waliokaa nyuma hawakuwa wananiona.

Nikachomeka mashine. Nikanyoa kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Umeme ukakatika.

Vichwa ukumbi mzima, mashine imekufa mkononi. Shemeji akatoa mkasi wake mfukoni, akaunyanyua juu. Akina baba wote wakavaa kofia kwa mpigo mmoja.

Lakini nani angetoka? Kwenda wapi, na nusu? Mwalimu mkuu akaona hilo kabla yangu. Akasema, kwa kuwa hakuna mwenye haraka, kila baba amfuate mwanawe darasani. Wakaenda. Walikaa mchana wote, mchomelea mageti kwenye kibenchi cha watoto wadogo, dereva wa lori na mtoto wa jirani kwa kuwa wake amemaliza. Nilipita koridoni. Kwenye kila mlango unasikia sauti za wanaume wazima wakiuliza: umepataje? Nionyeshe. Muuza nyama ndiye aliyewafundisha. Amewaambia ni maneno yangu.

Mimi nilisoma kibao cha mlangoni mara mbili ndipo nikaingia Darasa la Tano. Kiti kilikuwepo. Nikasikia binti akimwambia mwenzake:

"Ndiye baba yangu huyo. Mwenye mashine."

Umeme uliporudi jua limeshainama. Nikanyoa nje kwenye ngazi, binti akikung'uta shuka. Wa mwisho alikuwa shemeji. Hakuwa amenyolewa nusu, alitaka tu kukaa kitini kama wengine. Nikamuuliza mwanawe yuko darasa la ngapi. Akajua. Nikamnyoa hata hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu mkuu amekuja nyumbani. Amesema mlango wa ofisi yake haujawahi kugongwa na akina baba wengi kama jana, na tayari wengine wameuliza watarudi lini. Ameniomba jambo moja: nisimshike tena mzazi kwa kichwa chake. Wameshaonja, amesema, sasa watakuja wenyewe. Na mimi nije tu, kama baba wa kawaida. Nimeahidi, mkono kifuani. Mke wangu alikuwa shahidi. Amenikatia kipande kikubwa cha mkate.

Mwalimu mkuu alipoondoka nikaenda kwa fundi viatu wa kona ya pili. Sikuvunja ahadi. Kichwa hakihusiki. Nimemweleza kwamba anapopokea viatu vya mwanamume yeyote, arudishe kimoja. Cha pili kitangoja hadi daftari la mtoto lisainiwe na baba. Fundi ana wasiwasi kidogo. Nimemwambia mtu mwenye kiatu kimoja hafiki mbali, na popote atakapofika atakuwa mtaani kwetu. Sasa nachora ramani ya mafundi viatu wote na saa zao za kufungua.

Binti ameniita mara mbili nikamsikilize akisoma. Nimemwambia asubiri. Nashughulikia mambo ya elimu.