Majani Yanayolowa Bila Taarifa

Parokia ya Mtakatifu Kunegunda,
Mshangano, Songea.
11 Machi 2025

Mwalimu Benigna Nchimbi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAJANI KULOWA BILA TAARIFA NA KUIKWAMISHA MASHINE YETU YA RIMOTI

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Leodegari Mapunda, mfyekaji wa parokia hii kwa miaka ishirini na sita. Kuandika nilijifunzia darasa la tatu kwako, kwa hiyo makosa yakionekana humu tutagawana lawama.

Nimesoma kwenye ubao wa matangazo kwamba Jumapili hii, baada ya misa ya pili, kamati itakaa kuamua kama nafasi ya mfyekaji ifutwe kuanzia Aprili, kwa kuwa sasa tuna mashine ya kukatia majani inayoendeshwa kwa rimoti. Naomba kabla hamjakaa mpokee malalamiko yangu. Wapo watakaosema Leodegari analalamikia mashine kwa wivu. Hata kidogo. Mashine haina kosa lolote. Imetoka mbali, ina rangi ya machungwa, ina minyororo chini kama katapila, imebarikiwa mbele ya waumini, na inalala stoo ikiwa imefunikwa maturubai mawili. Ninaowalalamikia ni majani.

1. Majani ya parokia hii yanalowa. Yamekuwa yakifanya hivyo tangu Desemba, na hakuna siku hata moja yalipotoa taarifa ofisini. Mvua inanyesha jioni, umande unashuka alfajiri, jua linatoka saa sita, na ikifika saa nane mawingu yamesharudi kutoka upande wa milima ya Matogoro. Mashine haitakiwi kukata majani yaliyolowa, kwa hiyo inabakiwa na saa mbili za kazi kwa siku, na saa hizo ndizo Ndugu Katibu Aidan, ambaye peke yake ndiye aliyehudhuria mafunzo ya rimoti, huwa anakula ugali wake. Tangu Januari mashine imefanya kazi siku tatu, mojawapo ikiwa siku ya kubarikiwa. Mwezi wa nane itafanya kazi vizuri mno, maana mwezi wa nane hakuna majani. Nashauri kamati iyaelekeze majani yaote kiangazi.

2. Mimi nilikuwa mjinga. Miaka yote hii nilikuwa naamka kuwahi umande, kwa kuwa jani lililolowa ni laini na fyekeo hulipitia bila kugombana nalo. Sasa nimeelimishwa kwamba umande ni adui. Nimepewa cheo cha Msaidizi wa Maandalizi, na kazi yangu, tukishirikiana na Mama Walburga mfagiaji, ni kukausha majani. Tunachukua gunia kavu, mmoja huku mmoja kule, tunaliburuta juu ya majani toka saa moja hadi saa nne. Likilowa tunalikamua, tunaanza upya. Kwa muda huo, enzi za ujinga wangu, ningekuwa nimeshamaliza kutoka kwenye groto, lile pango la kusalia, hadi getini na nimeshakunywa uji. Mama Walburga ameniambia ana wajukuu saba, amewapangusa vitu vingi maishani, ila majani ndiyo mara yake ya kwanza.

Nilimpigia simu rafiki yangu Majidi, mkulima wa mahindi kule Namtumbo, nikimwomba atuazime maturubai anayoanikia mahindi ili tufunike uwanja mzima kila jioni. Akasema wallahi ataniombea dua.

3. Kuhusu mteremko. Kama ujuavyo, chini ya nyumba ya masista ardhi inateremka hadi kwenye bwawa la perege. Mteremko huu haukushauriana na mtu yeyote kabla ya kuinama. Ijumaa iliyopita, baada ya sisi kupangusa mara mbili na mvua kunyunyiza mara ya tatu, Ndugu Katibu aliamua kwamba majani yamekauka vya kutosha. Aliielekeza mashine bondeni. Ikaenda. Alipobonyeza isimame, ilisimama, lakini ikaendelea kwenda. Alipobonyeza irudi nyuma, minyororo ilizunguka kurudi nyuma kwa utii kabisa huku mashine yenyewe ikiteleza mbele. Ndugu Katibu aliisihi kwa Kiswahili, halafu akaigombeza kwa Kingoni, maneno ambayo sitayaandika kwa kuwa groto lilikuwa karibu. Mashine ikapita katikati ya kabichi za Sista Careen na kutia pua kwenye tope la bwawa.

Lazima niwe mkweli: kabichi zile zilikatwa vizuri sana. Ndicho kitu pekee kilichokatwa sawasawa mwaka huu. Sista Careen alisimama na ndoo yake akatutazama mmoja mmoja, na nadhani tungepona zaidi kama angetukana.

4. Kuhusu kamba. Baada ya ajali hiyo Ndugu Katibu aliagiza mashine ifungwe kamba nyuma, na ncha ya kamba ishikwe na watu wawili walioko juu. Watu hao ni mimi na Leonce mlinzi. Siku ya mapokezi tuliambiwa kwamba mashine hii imenunuliwa ili binadamu asimame mbali na hatari, na nakubali kwamba Ndugu Katibu anasimama mbali kabisa, kwenye baraza, chini ya mwavuli. Sisi tuliobaki ndio breki. Jumamosi niliteleza kwa makalio hatua kumi na nne, nikiwa na gambuti mpya, nikivutwa na kifaa kilicholetwa kunipumzisha.

Kwa hesabu yangu, kazi ya mtu mmoja mwenye fyekeo sasa inafanywa na watu wanne: mmoja wa rimoti, wawili wa kamba, mmoja wa gunia. Sista Careen anayelinda kabichi zilizobaki simhesabu, kwa kuwa anajitolea. Kamati ikitaka maendeleo zaidi, nashauri tununue mashine ya pili, na nina hakika parokia nzima itapata ajira.

5. Kuhusu kitabu cha mashine. Kimeandikwa lugha nisiyoijua, ila kina picha. Ukurasa wa sita kuna mchoro wa majani yenye matone ya maji, na juu yake alama kubwa nyekundu ya kosa, kama ile uliyokuwa unanipigia kwenye hesabu za kugawanya. Nilimwonyesha Ndugu Katibu. Alinieleza kwamba maana yake mashine imeyashinda maji.

6. Hapa, Mwalimu, naomba niache utani kidogo. Nimekatazwa kushika fyekeo ndani ya uzio, eti nisiiaibishe mashine mbele ya wafadhili walioinunua. Makaburini majani sasa yanafika magotini. Wiki iliyopita tulipomzika Mzee Thadei, wanakwaya walipita wakiinua vitenge, na mjane wake alipoteza kiatu kimoja kwenye majani. Alitembea hadi kaburini na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono yangu miwili, fyekeo langu likiwa limefungiwa stoo, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maisha yangu yote. Watu hawakuitazama mashine. Walinitazama mimi.

Nikifutwa Aprili, sitaomba kazi mahali pengine. Nina miaka hamsini na nane, na hakuna anayetafuta mfyekaji wa umri huo. Lakini linaloniuma ni kwamba nitakuja misa Jumapili nipite kwenye majani hayo kama mgeni.

Kwa hiyo naiomba kamati yako, kwa unyenyekevu mkubwa, kwanza iyaandikie majani barua ya onyo. Pili ihamishe bwawa lipande juu ya mteremko, ambako mashine haiendi yenyewe. Tatu imwombe Baba Paroko azungumze na mvua. Endapo hayo yataonekana kuwa magumu, basi mashine iuzwe kwa watu wenye uwanja wa saruji, nami nirudishiwe fyekeo langu.

Nawasalimu wajumbe wote wa kamati. Namsalimu Baba Paroko, masista wote na hasa Sista Careen, Mama Walburga na wajukuu wake saba, Leonce na mabega yake, mjane wa Mzee Thadei, na Ndugu Katibu, ambaye sina ugomvi naye akiwa hajashika rimoti. Perege nao wasalimiwe, walipata mshtuko.

Wako mtiifu katika kazi,
Leodegari Mapunda,
Mfyekaji (hadi Jumapili).

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa sababu dhamiri inanisumbua. Jana Ndugu Katibu aliitwa ofisini, akaiacha mashine uwanjani na rimoti juu ya ukuta wa groto. Manyunyu yalikuwa yanaanza, nikaichukua ili isilowe. Mwalimu, kidole kikagusa, mashine ikaanza kwenda. Sikuielekeza bondeni hata mara moja. Niliipitisha kwa ubavu wa mteremko, polepole, nikikwepa ile sehemu ya chini ya mparachichi ambako maji huchuruzika mwaka mzima. Majani yalikuwa yamelowa chepechepe, hayakupanguswa, kamba haikuwepo. Haikuteleza hata kidogo. Nilimaliza mteremko wote kabla Ndugu Katibu hajarudi, naye akadhani nimefyeka kwa siri, ameniandikia onyo. Jioni niliinama kuvua viatu bila kushika ukuta, jambo ambalo mgongo wa mfyekaji ulikuwa umeninyima kwa miaka mingi, mke wangu Domina akaniuliza kama naumwa. Basi, Mwalimu, mashine isiuzwe. Fyekeo kaeni nalo. Rimoti nipeni mimi.