Ngano Imekusamehe

Siku Kinanda alipogundua kwamba matumbo ya watu yana pesa, alikuwa kwenye foleni dukani kwa Mama Tanuri, akiula mkate wa moto kwa macho kabla zamu yake haijafika.

Kinanda si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mji, kwa sababu mdomo wake ukiugusa tu unatoa muziki. Alishawahi kuwauzia wanaume wenye vipara dawa ya kuotesha nywele, na biashara hiyo ilipododa akawauzia kofia wanaume wale wale. Hakuwa mtu mbaya, kwa maoni yake mwenyewe.

Mbele yake kwenye foleni alisimama Bi Mikufu, mama mwenye nyumba nyingi za kupangisha na shingo isiyoonekana kwa dhahabu.

"Mama Tanuri, huna mkate usio na ngano?"

"Bado, bi mkubwa. Kila nikijaribu, natoa tofali."

"Basi siku ukitoa mkate uniite, hata uwe bei gani. Dada yangu kaambiwa hospitali asiguse ngano. Na mimi tangu aniambie, tumbo langu halijatulia."

Kinanda akasikia maneno mawili tu: bei gani. Akageuka, na hapo ndipo alipomwona fundi bomba, mume wa Mama Tanuri. Jitu la miraba minne lilikuwa limeketi kwenye benchi karibu na mlango, likila kiazi cha kuchemsha kutoka kwenye kopo, pua likiwa limeielekeza kwenye tanuri kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Kaka," Kinanda akasema, "umeoa mwoka mikate, halafu unakula kiazi?"

"Usinitoneshe kidonda, ndugu yangu," fundi bomba akajibu. "Nina ugonjwa wa siliaki. Kwenye ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachoufanya mkate uvutike. Mimi nikikila, mwili wangu unaushambulia utumbo wangu mwenyewe. Miaka mingi nilikonda, damu ikapungua, nikaambiwa ni minyoo, nikaambiwa ni mawazo, nikaambiwa nimerogwa na shemeji. Mpaka hospitali wakanipima. Sasa hata kisu kilichokata mkate sikigusi."

"Pole sana. Dawa yake?"

"Haina dawa. Ni kuacha ngano, maisha yote."

Mtu mwingine angesikia huzuni ya mume anayelala kitanda kimoja na harufu ya mkate asioweza kuuonja. Kinanda alisikia soko.

Wiki hiyo hiyo akapanga chumba juu ya duka la fundi viatu, akavaa koti jeupe, akabandika karatasi mlangoni: KITUO CHA KUPIMA MIZIO YA CHAKULA. Kipimo chenyewe kilikuwa kengele ya mlangoni, waya, na kitufe kilichofichwa chini ya zulia, pale kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipopumzika. Mgonjwa alishika waya mkono mmoja na chakula mkono mwingine. Kengele ikilia, chakula hicho ni adui. Na kengele, kwa bahati, ililia kila mara mbele ya chakula ambacho Kinanda alikuwa na mbadala wake wa kuuza.

Mbadala mkuu ulikuwa Unga wa Amani. Ulikuwa unga wa mchele wa kawaida kabisa kutoka sokoni, uliohamishiwa kwenye mifuko myeupe yenye picha ya jani. Bei yake ilipanda katika safari hiyo fupi kuliko abiria yeyote wa ndege.

Bi Mikufu alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Kengele ikalia kwenye ngano.

"Nilijua!" akasema kwa furaha. "Na nini kingine?"

"Ni ngano tu, mama."

Uso wake ukaanguka. "Ngano tu? Jirani yangu ana mizio minne. Mimi na hadhi yangu nitoke hapa na mmoja?"

Kinanda hakuwa mtu wa kumnyima mama wa watu. Kidole gumba kikafanya kazi mpaka kikapata ganzi. Maziwa, ting! Mayai, ting! Karanga, ting! Bi Mikufu akashuka ngazi kichwa juu, akiwa na mizio ya kutosha kuitangaza kwenye harusi, na mifuko ya Unga wa Amani ikimfuata nyuma kwa toroli.

Habari zikaenea. Watu wenye nafasi wakaanza kusalimiana kwa mizio. Kila mmoja alipoulizwa nani kamgundulia, alimtaja Mtaalamu, ndilo jina jipya la Kinanda, naye Mtaalamu kila mgonjwa alimsimulia kisa chake mwenyewe huku akijifuta jicho: "Mkate ulitaka kuniua, ndugu zangu. Nilibaki mifupa. Leo hata nikipita mbele ya duka la mikate, nageuza uso."

Uongo huo ndio uliomfunga. Maana Kinanda alipenda mkate kuliko alivyopenda pesa, na sasa hakuweza kuonekana hadharani hata na chembe ya mkate kwenye sharubu.

Wakati huo ndipo fundi bomba naye alipopanda ngazi.

"Mtaalamu, mimi sitaki kupimwa. Ugonjwa wangu naujua. Nataka kuuliza tu, hakuna njia yoyote? Hata kipande. Hata ncha."

Mwenye moyo angesema hakuna. Kinanda akafungua droo akatoa chupa ndogo. "Matone ya Suluhu. Yanapatanisha mwili na ngano. Kunywa wiki moja, halafu njoo tupime."

Yalikuwa maji yenye rangi. Wiki ilipokwisha, fundi bomba akashika waya kwa mkono mmoja na kipande cha mkate kwa mwingine. Kidole gumba hakikusogea. Kengele ikanyamaza.

"Hongera, kaka," Kinanda akasema kwa sauti ya padri. "Ngano imekusamehe."

Jitu zima likalia machozi. Likaenda moja kwa moja dukani kwa mkewe, na mkewe akiwa nyuma anahesabu mifuko ya sukari, likala mkate mzima, na ncha zote mbili.

Ngano haikuwa imesamehe mtu. Kufika jioni fundi bomba alikuwa amejikunja kitandani akishika tumbo, na siku zilizofuata alijua kila ufa kwenye ukuta wa choo chake. Mama Tanuri alimpangusa uso, akamnywesha maji kidogo kidogo, akasikiliza habari yote ya matone na kengele bila kukatiza.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitamani tu."

"Lala, baba. Nani kakulaumu?" Akachukua ile chupa, akainusa, akaitupa. "Kuna mtu mmoja tu wa kulaumiwa, na huyo nitampikia."

Hakulazimika kumtafuta. Siku chache baadaye, mchana wakati duka limetulia, mtu mwenye kofia kubwa na miwani myeusi aligonga mlango wa nyuma.

"Mama, naomba mkate mmoja. Si wangu. Ni wa jirani yangu, mgonjwa, hawezi kutembea."

Mama Tanuri akamtazama. Kofia ilikuwa moja ya zile Kinanda alizowauzia wenye vipara.

"Maskini jirani," akasema. "Lakini huwezi kuubeba barabarani, watu wana macho. Ingia stoo, ukae. Ule... nasema, umwonjee jirani humu humu."

Akampa mkate. Kinanda akauma, akakunja uso. "Mama, huu umekuwa mkavu. Unavunjika kama udongo."

"Ni ngano ya msimu huu," Mama Tanuri akasema bila kupepesa. "Kesho nitaongeza maji."

Ukweli ni kwamba ndani ya mkate ule hamkuwa na ngano hata ya dawa. Mama Tanuri alikuwa ameanza upya kumhangaikia mumewe, kwa tanuri dogo alilolitenga, vyombo vipya visivyowahi kuguswa na ngano, na unga wa mchele. Alichokikosa ni mtu mwenye ulimi mkali na tumbo lisiloshiba, atakayemwambia ukweli bila kumwonea haya. Mumewe hakufaa, maana kwa hamu aliyokuwa nayo kila tofali alilisifia.

Basi Kinanda akawa anakuja kila mchana, analipia, anakula, anakosoa. "Leo umenata sana kwenye meno." Mama Tanuri akapunguza viazi alivyoviponda. "Leo haukupanda." Akaongeza mayai. "Ganda liko wapi, mama? Mkate bila ganda ni godoro!" Akaongeza moto. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulipwa na mwalimu wake ili afundishwe, ila Mama Tanuri.

Mpaka mchana mmoja Kinanda akauma, akafumba macho, akanyamaza. Kwa mdomo ule, kunyamaza kulikuwa tukio.

"Vipi?" Mama Tanuri akauliza.

"Mama," akasema taratibu, "huu sasa ndio mkate."

"Wa ngano?"

"Unaniuliza mimi? Ngano tupu! Mimi nimeijua ngano kabla sijajua kutembea. Hakuna kitu kingine duniani kinachoweza kuwa hivi."

"Na wale wateja wako unaowaambia ngano ni sumu?"

Kinanda alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba ulimi wake hauna mlinzi. Akacheka makombo yakaruka. "Wale? Wale nawapa wanachotaka. Huyo Bi Mikufu nimempa mizio saba kwa kidole gumba cha mguu! Angekuwa na pochi nene zaidi ningempa hata mzio wa hewa."

Pazia la stoo likavutwa. Bi Mikufu alikuwa amesimama hapo, na nyuma yake nusu nzima ya wagonjwa wa Kinanda, waliokuwa wamealikwa kuonja mkate mpya.

"Saba?" Bi Mikufu akafoka. "Mwizi mkubwa! Mimi nimelipia tisa!"

Mama Tanuri akauinua juu mkate uliobaki. "Ndugu zangu, humu hamna punje ya ngano. Mume wangu anaula wiki ya tatu sasa tangu nianze kuujaribu, mtazameni." Fundi bomba akajitokeza mlangoni, mashavu yamejaa. "Na Mtaalamu wenu mwenyewe, mpenzi wa mkate kuliko wote mjini, ameapa kwamba ni ngano tupu. Mwenye kuuhitaji kweli, kama bwana huyu, apange foleni upande huu. Mwenye kuambiwa na kengele, akapimwe kwanza hospitali, asije akajinyima chakula bure."

Foleni zote mbili, ya mkate na ya kwenda hospitali, zilikuwa ndefu, lakini ya tatu, ya waliotaka kumshika Kinanda shati, ilikuwa na mbio zaidi. Akapita dirisha la stoo, akaacha kofia, miwani, na kiatu kimoja. Unga wa Amani uliokuwa chumbani kwake ukaletwa kwa Mama Tanuri kwa toroli lile lile, uwe fidia ya siku ambazo mumewe alilala mgonjwa.

Kinanda alihamia mji mwingine, asikojulikana, na jambo la kwanza alilofanya ni kuingia duka la mikate mchana kweupe. Alikula mkate wa ngano asubuhi, mchana, jioni, kama mtu aliyetoka kifungoni. Wiki ya pili tumbo likaanza kuvimba. Ya tatu, vidonda mdomoni. Ya nne, hakuweza kumdanganya mtu bila kuomba kwanza aonyeshwe choo.

Hospitali alikutana na daktari mwanamke asiye na muziki wowote. Alimtoa damu, akampitishia mpira wenye kamera hadi tumboni, akangoja majibu.

"Una siliaki," akasema. "Hali hii imeanza lini?"

"Tumbo limeninguruma maisha yangu yote, daktari. Nilidhani ni dhamiri."

"Dhamiri haivimbishi utumbo. Kuna wakati wowote uliwahi kujisikia vizuri?"

Kinanda akafikiri. Kulikuwa na wiki kadhaa, mchana kwa mchana, kwenye stoo moja, alipokuwa mwepesi kama kijana. Akaelewa alikuwa anakula nini, akajifunika uso kwa mikono.

Alirudi na basi la asubuhi, akasimama dukani kwa Mama Tanuri mbele ya watu wote, bila kofia.

"Mama, nina siliaki. Kweli."

Duka zima likaangua kicheko. Bi Mikufu akashika nguzo asianguke.

"Nina karatasi ya daktari!"

"Hata ile ya mlangoni kwako ilikuwa karatasi," Mama Tanuri akasema. "Mwingine!"

Fundi bomba hakucheka. Alinyanyuka kutoka kwenye benchi akamsogelea. "Ukila ngano, unajisikiaje?"

Kinanda akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza muziki haukutoka. "Nachoka," akasema kwa sauti ndogo. "Magoti yanaisha nguvu. Na tumbo... kaka, naogopa hata kupanda basi."

Fundi bomba akageukia kaunta. "Mpe, mke wangu. Huyu leo hadanganyi."

Mama Tanuri akaufunga mkate kwenye karatasi na kutaja bei. Ilikuwa bei ya kumtoa mtu machozi. Mkono wa Kinanda ukapaa hewani kuanza mashairi yake ya kupunguziwa, ukakaa pale juu kidogo, ukashuka wenyewe mfukoni.

Akalipa yote.