Wawekezaji Wenye Ufahamu

Jumatatu, 4 Machi

Mchambuzi wa soko la hisa, yule bwana wa ghorofa ya tatu, kaleta dukani kwangu ukurasa wake wa Kiingereza nimtolee nakala hamsini. Mashine yao imekufa tangu Januari. Mungu asaidie isipone! Nakala ya kwanza hutoka imepinda, na hiyo huwa yangu. Ndiyo maana nasoma habari za soko kabla ya watu wote. Mtaani naitwa Kamusi. Jina nilijipa mwenyewe, lakini limeshika.

Saa nne kapita mama mkwe. Ana hisa za kiwanda cha saruji, alizoachiwa na marehemu baba mkwe. Anataka kuziuza anunue cherehani ya umeme. Kapata oda ya sare sitini za shule, zinatakiwa Jumatatu ijayo asubuhi, na cherehani yake ya mkono imechoka kuliko yeye. Akichelewa, shule inampa fundi mwingine. Kaniuliza auze leo au asubiri.

Nikachukua nakala yangu iliyopinda. Mchambuzi ana "matumaini yenye tahadhari". Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa pale akinywa chai yangu. Yeye ni mwalimu wa Kiingereza. Akasema hayo ni maneno ya mtu anayetaka kuonekana amepatia, mvua inyeshe isinyeshe. Wivu huo! Kwa Kiingereza tahadhari inatangulia, matumaini yanamalizia. Linalomalizia ndilo mtu alilokusudia. Nikamwambia mama asubiri.

Akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Shemeji ana diploma. Lakini sawa.

Jumanne, 5 Machi

Saruji imeshuka. Kidogo tu. Mke wangu kaitua sahani yangu mezani kwa kishindo.

Jumatano, 6 Machi

Ukurasa mpya! Safari hii "soko linavuta pumzi". Nikajiuliza, nani huvuta pumzi? Mtu anayepanda ngazi. Yupo katikati, bado anapanda. Shemeji kasema hata anayekata roho huvuta pumzi. Huyu mtu hana kwao?

Kinyozi wa mlango wa pili kaja kuuliza kuna nini. Hunyoa wakubwa wote wa ghorofani, na hajawahi kutunza siri hata moja. Nikamwambia nimekataza ukoo mzima kuuza saruji. Akanitazama kwa heshima, mkasi unaning'inia. Nilifurahi. Acha asambaze.

Mama mkwe kapiga simu. Mkanda wa cherehani umekatika, kaufunga kwa kamba. Kamaliza sare kumi na moja. Nikamwambia tunavuta pumzi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku kubwa. Ukurasa wa leo unasema hivi: "Wawekezaji wenyeji wenye ufahamu wameshikilia hisa zao za saruji." Nikapiga ukelele mpaka mteja akaangusha cheti chake cha kuzaliwa. Wenye ufahamu! Hapo hapana tahadhari wala pumzi. Kuna watu, na watu hao wanajua.

Nikafunga duka nikakimbia kwa dalali wa hisa. Nilijua mke wangu angemshawishi mama auze. Kweli, mama mkwe yupo dirishani, kalamu mkononi, fomu ya kuuza mbele yake. Nikamwonyesha mstari ule, nikamtafsiria mara mbili. Akauliza hao wenye ufahamu ni akina nani. Nikasema ni wakubwa, mama, hawatajwi majina. Akairudisha kalamu polepole. Nilitoka pale kifua mbele.

Saa tisa saruji ikaporomoka. Asubuhi hisa za mama zilitosha cherehani ya umeme. Jioni zinatosha waya wake.

Jumamosi, 9 Machi

Mchambuzi kaja kutoa nakala. Nikamwuliza kwa adabu, huku mashine inanguruma, hao wawekezaji wenye ufahamu ni nani hasa. Akajibu bila hata kupepesa macho.

"Kinyozi wangu kaniambia kuna bwana mmoja hapa mtaani, wanamwita Kamusi. Kakataza ukoo mzima kuuza. Nikaona mtu kama huyo lazima anajua jambo."

Akauliza kama namfahamu. Nikasema namsikia tu.

Shemeji alikuwepo. Chai imemtoka puani, na ni chai yangu.

Nimeona aibu, siwezi kuficha. Mama wa watu aliweka kalamu chini kwa ajili yangu. Nimefika nyumbani nikajifungia chooni nusu saa. Mke wangu kagonga mlango, akasema mama yake ananihitaji kesho, nivae nguo ya kazi.

Jumapili, 10 Machi

Tangu saa moja asubuhi nazungusha mkono wa cherehani. Mama anaongoza kitambaa kwa mikono miwili, mimi nazungusha, mke wangu anakata, shemeji anashona vifungo na kunitazama. Tumefika sare ya hamsini na tatu. Bega limekufa ganzi.

Nimemwomba mama msamaha mbele ya wote. Hakuinua macho.

"Nimekusamehe, mwanangu. Zungusha."

Mtu anayezungusha ana nafasi ya kufikiri. Mchambuzi ana shahada mbili na ofisi yenye zulia. Anasoma magazeti ya dunia nzima. Baada ya yote hayo, anamfuata nani? Mimi! Wiki nzima nimekuwa nikitafuta maana ya maneno yake, kumbe maneno yenyewe ni yangu. Nimekuwa nikijidharau bure.

Jioni nimemwambia mama bado asiziuze hisa zake. Asubiri mpaka Jumatano. Nimepata habari kutoka chanzo cha kuaminika. Kanisogezea kaptula nyingine.

Kesho tukishakabidhi sare, kabla sijafungua duka, naenda kwa kinyozi wa mlango wa pili.