Picha Sabini na Tatu Zisizo na Uso Wangu

Ndugu Mhariri,

Kuhusu: Kamera mliyonichagulia

Salamu nyingi, na poleni na kazi. Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu tangu lilipokuwa na kurasa nane na kuuzwa pamoja na sindano ya bure. Sijawahi kuwaandikia kulalamika, hata mlipotufundisha namna ya kutoa madoa iliyotoboa shuka langu la harusi. Leo imenibidi.

Mimi ni karani wa shule ya msingi, na ninastaafu Ijumaa ijayo baada ya miaka thelathini na moja. Kwenye korido, nje ya ofisi yangu, kila anayestaafu hutundikiwa picha yake. Nyingi nilizipiga mimi. Sasa mwalimu mkuu anataka yangu. Nilitoa albamu zote nne chini ya kitanda, nikazipekua moja baada ya nyingine. Nimo kwenye picha tatu. Katika ya kwanza ni kivuli changu kwenye nyasi. Ya pili ni kidole gumba. Ya tatu ni ya harusi yangu, iliyopigwa na shemeji, ambaye alitukata vichwa bwana na bibi harusi kwa usawa. Tangu siku hiyo mpiga picha wa ukoo ni mimi. Mume wangu ni fundi saa, mtu wa mikono mitulivu, lakini katika miaka ishirini na tisa ya ndoa hajanipiga picha hata moja. Sisemi kitu.

Asiye na picha hutundikiwa fremu yenye jina tu. Ndivyo alivyofanyiwa mtunza stoo, na wanafunzi wamemchorea masharubu kwenye karatasi ile nyeupe ilhali hakuwahi kuwa nayo. Sitaki kuondoka shule ile nikiwa fremu. Ndipo nilipoikumbuka makala yenu ya kumchagulia kamera mtu anayeanza, iliyosema kwamba anayeanza ajipige mwenyewe, kwa kuwa uso wake yuko nao wakati wote na hauombi nauli. Mliahidi picha nzuri ndani ya wiki moja. Nikanunua ile mliyoiweka nafasi ya kwanza. Hii ni wiki ya tano, nimepiga picha sabini na tatu bila kupata hata moja ya kutundikwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema ukishabonyeza kitufe, sekunde kumi zinatosha kabisa kwenda kukaa mbele ya kamera. Zinamtosha nani? Kutoka kabatini ninapoiweka hadi kwenye kochi ni hatua tisa, katikati kuna meza, na goti langu la kushoto lina mambo yake. Picha ya kwanza hadi ya kumi na tisa ni mgongo wangu ukienda zake. Katika ya ishirini nimefika ila bado najishusha. Hiyo nimeiweka kwenye bahasha ya peke yake, na naomba ifunguliwe na mhariri wa kike.

2. Mlisema kamera hii inautafuta uso yenyewe na kuuwekea kiboksi cha kijani. Ni kweli inautafuta. Juu ya kochi letu imetundikwa picha ya marehemu mama mkwe. Kila nikikaa, kiboksi kinampata yeye. Nimevaa kilemba chekundu, kikampata yeye. Nimesogea mbele, kikahamia kidogo kwenye saa ya ukutani, kisha kikarudi kwake. Mimi nimetoka ukungu mtupu, na marehemu ametoka vizuri kuliko alipokuwa hai, hata mume wangu ameomba nakala. Msiniambie nimshushe. Niliishi naye miaka kumi na miwili bila kumshinda hata siku moja, na sitaanza sasa kwa kung'oa msumari.

3. Mlisifu kile kioo kinachogeuka ili mtu ajione anapojipiga. Nilijiona, na hilo ndilo tatizo. Anayejiona haangalii lenzi, hivyo picha kumi na moja nimetoka nikitazama pembeni kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Halafu yule niliyemwona mle simfahamu vizuri. Sikujua kwamba nywele za mbele zimepungua kiasi kile. Nilidhani ni vumbi, nikafuta lenzi, nikaangalia tena, nikalia kidogo. Makala yenu haikumwandaa anayeanza kwa jambo hilo.

4. Kuna mahali pa kuchagua ili kamera isipige mpaka utabasamu. Nilitabasamu dakika saba. Haikupiga. Mume wangu alipopita na kikombe cha chai, hana habari wala hacheki, ikampiga mara nne.

5. Nikahamia ofisini. Niliiweka juu ya kabati la mafaili, nikakaa mezani kwangu, mhuri mkononi. Darasa la tatu walikuwa wakitoka. Picha zote zina watoto wamejazana dirishani wakichungulia, na kila mtoto ana kiboksi chake cha kijani, hata yule ambaye linaonekana paji la uso tu. Wote hao niliwaandikisha mimi. Aliyekosa kiboksi ni mimi peke yangu, na nakiri kwamba jambo hilo liliniuma zaidi ya nilivyotegemea.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu. Nilitumia ya binti yangu. Ilinitoa nikiwa na miaka kumi na tisa na macho ya mtu mwingine, na mwalimu mkuu akauliza huyo ni mgeni gani. Binti yangu alijitolea basi kunipiga kwa kamera. Nilimshukuru, nikamrudisha jikoni kwenye vitunguu, kwa sababu alikuwa ameishika kama anayepokea sahani.

Kutokana na maelezo hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, mchapishe sahihisho kwamba sekunde kumi zisomeke dakika mbili. Pili, aliyeandika makala ile aletwe sebuleni kwangu kabla ya Ijumaa, ajipige mwenyewe huku mama mkwe akimtazama. Tatu, hayo yakishindikana, ofisi yenu imwandikie mwalimu mkuu barua rasmi yenye mhuri, kuthibitisha kwamba nina uso, ili itundikwe mahali pa picha.

Nawasalimu wote hapo ofisini, mafundi mitambo, wasahihishaji, mpaka anayefunga magazeti kwa kamba. Binti yangu anawasalimu. Mume wangu naye anawasalimu, ingawa anadhani naandika orodha ya vitu vya dukani na anashangaa urefu wake.

Wenu katika subira,
Karani wa Shule (mpaka Ijumaa)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu ameisoma barua hii yote. Alinawa mikono, akaichukua kamera kabatini, akaniambia nikae. Nikakaa. Nikaona vidole vyake vinakaribia lenzi, nikainuka kumwonyesha pa kushika. Nikamwonyesha na mwanga unatokea wapi, nikamsogeza karibu na dirisha, nikamwambia ainue kidevu kidogo, nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopata kupiga, na ni yake. Aliitazama kwa muda, kisha akasema taratibu kwamba kamera amekuwa akiniomba tangu mwaka tuliooana. Nimeyapitia tena malalamiko yangu na sijaona hata moja linaloihusu kamera, kwa hiyo naomba msiichape barua hii. Kesho baada ya chai nitampa tena, na safari hii mikono yangu nitaikalia.